Kuukabidhi mwili kwa Mungu wakati hela ya korosho imeingia

Mkuu, swali lako nimelisoma lote. Umesema uliokoka mwaka jana kwenye mkutano wa injili, mambo ya waganga umeachana nayo, rohoni unajiona uko sawa, ila mwili ndio umegoma kuokoka: msimu wa korosho ukifunguliwa tu unarudi kwenye pombe na wanawake. Ukaomba mtu akueleze, kwa vitendo, kuukabidhi mwili kwa Mungu ndiyo kufanya nini. Wadau wamekujibu "funga na uombe". Sipingi. Ila mimi ni Mwanglikana wa huku Masasi, mkulima wa korosho, na darasa la kipaimara nimelifundisha muda sasa, kwa hiyo vijana wa aina yako nawafahamu.

Hiyo "rohoni niko sawa" iweke pembeni kwanza. Paulo kwenye Warumi 12 hakuwaomba watu roho zao, aliwasihi watoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai. Kwenye sura ya 6 anashuka hadi kwenye viungo, na viungo unavijua. Mtu anayesema moyo wake ni wa Yesu huku miguu yake inaijua njia ya kilabuni hata gizani, hebu tuambiane, amemkabidhi Yesu kitu gani hasa?

Sisi wa Masasi hatuna kisingizio kwenye hili. Kanisa letu lilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipotoka Zanzibar na kundi la watumwa waliokombolewa, wakashukia Lindi na kupanda kwa miguu mpaka huku. Hebu fikiria watu wale wakisomewa 1 Wakorintho 6, kwamba ninyi si mali yenu wenyewe, maana mlinunuliwa kwa thamani. Mimi nikiisoma naona ni aya nzuri ya kuhubiria. Lakini mtu aliyewahi kuuzwa, akakaguliwa meno na mabega, ukimwambia mwili wake sasa una mwenyewe mwingine, aliyelipa kwa damu yake na hana mpango wa kumuuza tena, anajua unazungumzia mgongo wake huu huu wenye makovu.

Halafu akaja Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926. Wamisionari wengi waliona jando ni kazi ya shetani, lipigwe marufuku. Yeye akaliingiza mikononi mwa kanisa: sala zikaingia, padri na walimu Wakristo wakawa pamoja na vijana, yaliyogongana na imani yakaondolewa. Wapo wanaomlaumu mpaka leo, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Lakini yule mzungu alikuwa amemwelewa kijana wa kusini. Huku hakuna mtu aliyefundwa mwili wake kwa mahubiri ya Jumapili peke yake. Tumefundwa tukiwa na wenzetu, na mtu mzima kakaa pembeni anatuangalia.

Hapo ndipo naona pengo lako. Mkutano unao, mlezi huna. Wangu alikuwa mzee mmoja fundi baiskeli. Sikumbuki aliwahi kuniuliza kama nimesali. Baiskeli ya mteja imepinduliwa, yeye anakaza spoki, mkono mmoja unazungusha tairi, na bila kuinua macho anauliza:

"Jana saa mbili usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, babu."

"Nyumbani kwa nani?"

Ukidanganya hakugombezi. Anaendelea kukaza spoki kama hukusema kitu, na afadhali angenichapa. Ikafika mahali saa mbili usiku inanikuta najiuliza kesho nitamjibu nini yule mzee, nageuza njia. Wengine mtasema huko ni kumwogopa binadamu, Mungu yuko wapi? Sawa. Mimi nasema Mungu alinishika kupitia yeye.

Tuje kwenye msimu wenyewe, maana ndiko unakoangukia. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakianza kudondoka, uraka, pombe inayotokana nayo, ni karibu bure, kila nyumba ya tatu ina ndoo, na mwenye nyumba anakuona una dharau ukikataa. Hapo sijui dawa zaidi ya kusema wazi mapema kwamba umeacha, wakucheke wiki ya kwanza, wakuchoke. Ukijificha kwa visingizio vya tumbo watakungoja tumbo lipone. Minada ikianza na hela kuingia benki ndiyo hatari yenyewe. Mimi ujumbe wa benki ukiingia siku hiyo sitoki. Simu nampa mke wangu ausome yeye, tunafungua daftari: vibarua wa palizi, deni la dukani, ada, sadaka, bati kama lipo. Kutoa pesa naenda kesho yake asubuhi, tena na mtu. Wewe huna mke, kaa na mama au dada yako. Hela iliyopangiwa kazi mbele ya mama mzazi ni ngumu sana kuinywa. Na kutoka ghalani hadi kwangu njia ya karibu inapita vilabuni. Napita ya nyuma, ndefu, ina mchanga mpaka pikipiki inazama. Ibada yangu ya mwezi wa kumi na moja sehemu kubwa ni hiyo njia.

(Msimu wa 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na hela zikasubiri uhakiki, vilabu vilipoa kabisa na kanisani viti vikajaa. Tukadhani ni uamsho. Hela zilipotoka ndipo tukajua.)

Kuhusu wanawake umeandika kwa mafumbo ila nimekuelewa. Kama kuna mmoja mnayeishi kama mke na mume, usimkimbie kwa jina la wokovu. Nimeona vijana wanaokoka leo, kesho binti amerudishwa kwao na mimba, eti kijana ameacha dhambi. Nenda kwao ukajitambulishe, na usiishie kwa baba. Kwa Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera mjomba ana sauti, ukimruka utarudishwa njiani. Wale wengine wa msimu, namba zao zifute ukiwa umekaa na mlezi wako, usifute ukiwa peke yako kitandani maana utaanza kuzisoma. Na simu isilale chumbani kwako.

Kufunga sasa. Majirani zetu Waislamu, ambao huku ni wengi, kila Ramadhani wanatuonyesha jinsi mwili unavyofundishika: daku wanaamshana, wanafuturu pamoja, na mtaa mzima unajua fulani amefunga. Sisi kila mtu anafunga kivyake, akishindwa saa nne asubuhi anakula muhogo wake na hakuna anayejua. Najua mtaniletea Mathayo 6. Pale Yesu anakataza kujionyesha kwa watu, hajakataza mlezi wako kufahamu. Funga na mwenzako, mle pamoja jioni. Huyo aliyekushauri ufunge siku nyingi bila hata maji, mwambie aje mfunge wote.

Hapo niongeze jambo ambalo hukuliuliza. Kwenye kikundi chetu cha maombi mama mmoja aliacha vidonge vya presha baada ya kuombewa, akashuhudia mbele ya watu kuwa mwili wake ameukabidhi kwa Bwana. Haikuchukua muda akapooza upande wa kulia. Tangu hapo nikimwombea mgonjwa, nikimaliza tu nauliza kliniki ni lini. Kama unatumia dawa, iwe ARV, sukari au presha, meza. Pale Ndanda Wabenediktini wana abasia na hospitali jirani, na sijaona mtu akishangaa mwenzake akitoka misa kwenda kupanga foleni dirisha la dawa. Mwili uliomkabidhi Mungu ni wake, huna ruhusa ya kuuharibu kwa imani pia.

Kwa hiyo kabla ya Oktoba tafuta mtu mmoja mzima, anayekaa karibu nawe kiasi cha kuona taa yako usiku, mpe ruhusa ya kukuuliza ulikuwa wapi. Asiwe rika lako, mtafichiana.

Na lile la mwisho, kama ubatizwe tena kwa kuwa ule wa kwanza "haukushika", waulize wachungaji wako. Mimi Mwanglikana nitakwambia hapana, na tutabishana humu mpaka mikorosho itoe maua.