Nakaa ufukweni baada ya alfajiri: je, nakosea?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mkulima wa mwani, naishi Paje, Unguja. Mume wangu alifariki na eda nimeshaimaliza. Tangu hapo, nikishasali alfajiri nyumbani nateremka pwani, nakaa juu ya dau bovu kungoja maji yatoke. Nakaa kimya kabisa. Hata wenzangu wakipita wakanitolea salamu siitikii, nisije nikaipoteza ile hali. Machozi yakija nayaacha. Jua likianza tu kuchomoza majini nasali rakaa mbili za sunna pale pale mchangani, na roho yangu inatua kuliko saa yoyote ya siku. Wifi yangu anasema huko ni kuabudu bahari. Je, nakosea?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, na wewe akupe subira.

Wifi yako amekuonea. Anayeabudu bahari huiomba bahari; wewe unamkumbuka aliyeiumba. Katika Aal Imraan, aya ya 191, wamesifiwa wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala ubavu, wakifikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Aliyekaa juu ya dau bovu naye yumo. Wala usitie shaka kwa kuwa hapo Paje unatazama mashariki, na kibla chetu kiko kaskazini (wazee wetu hata kaskazini yenyewe wakiiita kibla). Kuelekea kibla ni sharti la sala, si la dhikri. Na machozi, Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu.

Mimi nina mawili ambayo wifi yako hakuyaona.

Kwanza ni hizo salamu. Kuitikia ni wajibu, soma aya ya 86 ya Nisaa. Na kimya peke yake si ibada. Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas habari za Abu Israil, aliyeweka nadhiri asimame juani asikae, asitafute kivuli, asiseme na mtu, na afunge. Mtume akaamrisha aseme, aingie kivulini, akae, na saumu yake aitimize. Katika nadhiri yote ile iliyobaki ni saumu. Sasa mwenzako anapita na kamba na vigingi kichwani, anakutakia amani, nawe unatazama maji kama hukumsikia! Utulivu unaovunjwa na neno la amani nina shaka nao. Itikia, kisha rudi kwenye dhikri yako.

La pili ndilo zito: wakati wa hizo rakaa. Katika Sahih Muslim, Uqba bin Aamir anataja nyakati tatu ambazo Mtume aliwakataza kusali, na ya kwanza ni jua linapochomoza mpaka linyanyuke. Sababu imekuja katika hadithi ya Amr bin Abasa: hapo ndipo makafiri wanapolisujudia jua. Unaona? Wifi yako alikosea aliposema bahari, lakini alikuwa jirani na jambo la kweli bila kujua. Nia yako najua ni safi. Hata hivyo saa hiyo usisujudu, tena sunna isiyo na sababu maalumu kama hiyo yako. Keti, leta tasbihi na istighfari, mpaka jua lifike kimo cha mkuki. Kwa makisio ni robo saa hivi tangu litoke. Hapo simama usali, na rakaa zako zitakuwa za dhuha, sunna ya asubuhi.

Siku za bamvua, maji yakikuita kabla ya hapo, ingia shambani ukafunge mwani wako. Dhuha ina wasaa mpaka jua likaribie utosini. Nguo iliyolowa maji ya bahari ni tohara, na maji hayo hayo ya chumvi yanatosha kutawadhia: Mtume aliulizwa juu yake na wasafiri wa baharini, akajibu kwamba maji yake ni tohara na mfu wake, yaani samaki aliyefia humo, ni halali kuliwa.

Wallahu aalam.