Kukopa dunia za watu: kwa mnaoanza kujitungia dunia ya gemu

Wadogo zangu mnaoanza kuendesha gemu za mezani kama D&D (Dungeons & Dragons), zile mmoja anasimulia dunia na wengine wanaigiza wahusika, naona mnauliza sana kama ni vibaya kuchukua vitu kwa dunia zilizochapishwa. Chukueni tu, kila mtu anachukua, shida ni vile tunachukua.

Kampeni yangu ya kwanza, yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi, nilibeba Waterdeep mzima mzima, ule mji wa Forgotten Realms, dunia moja ya D&D iliyochapishwa, nikabadilisha jina na barabara mbili tatu, na wale mabwana wake wanaotawala wakiwa na barakoa nikawaacha vile vile. Sasa mezani kulikuwa na jamaa amesoma hivyo vitabu kuniliko, kila nikisema kitu anasema zii, si hivyo, na alikuwa na haki, nimemletea mji anaoujua halafu namwambia haujui. Jioni yote ikaishia kubishana nani yuko nyuma ya barakoa gani, na msichana aliyekuja kucheza mara ya kwanza hakurusha dadu hata moja. Hakurudi tena. Hiyo iliniuma sana.

Tangu hapo nikisoma kitabu siandiki majina, naandika sababu. Chukua Dark Sun, dunia nyingine ya D&D, ya 1991. Ukiiangalia juu juu unaona jangwa na watu wakali, basi unachora jangwa lako na linabaki mchanga tu. Lakini uliza kwa nini Athas, ndiyo sayari ya Dark Sun, imekauka: uchawi wao unanyonya uhai wa mimea, mchawi akifanya mambo yake majani yanabaki majivu, na chuma kimeadimika hadi pesa zao ni za udongo wa kuchoma. Hapo ndo kuna mali. Mchawi mmoja ana haraka, shamba la mtu limekufa, vijiji viwili haviongei, hiyo ni kampeni ya mwaka mzima na hujataja jina hata moja la kule.

Mimi nilipeleka hayo mambo mawili, uchawi unaoua mimea na uhaba, kwa mji wangu wenye mnara mmoja wa maji na familia moja inayoshika funguo. Hapa Nairobi sikuhitaji kueleza, sisi wote tunajua maji yakipotea mtaani, mitungi ya njano ya lita 20 imepangwa kwa korido na mwenye mkokoteni anapandisha bei. Tulikuwa tunacheza sebuleni Umoja, mifereji imekauka kweli siku hiyo, mwenye mnara akataja bei yake, na dada mmoja akachukua raba, akafuta “upanga” kwa karatasi yake ya mhusika, polepole, akaandika “mitungi miwili”. Upanga wa marehemu baba ya mhusika wake. Hakuna mtu aliongea.

Eberron nayo, dunia nyingine ya D&D, ya 2004, ina nchi inaitwa Cyre iliyoangamia siku moja na kitabu hakisemi kwa nini, waliiacha hivyo makusudi ili kila meza ijijibu. Wengi wenu mnakesha mkijaza historia ya wafalme kumi, achieni swali moja wazi, mchezaji akikisia kitu kizuri kuliko chako kichukue.

Kuhusu sheria sitasema mingi. Mezani kwako hakuna anayekufuata. Ukitaka kuuza, kanuni za msingi za toleo la tano la D&D zilitolewa 2023 kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu watu kuzitumia, lakini hiyo haikupi ruhusa ya kuuza miji ya wenye D&D.

Penye nilipata kazi ngumu ni kuchanganya dunia mbili. Niliipenda ile treni ya uchawi ya Eberron inayoelea juu ya mawe, nikaileta kwa mji wangu wa mnara, na mchezaji akauliza, kama uchawi unaua mimea, hiyo reli imepita wapi? Nilikaa na hilo swali siku tatu. Huu mji wetu wenyewe, Nairobi, ulianza kama kambi ya reli 1899, na kuna watu walikuwa wanalisha ng'ombe hapa. Nikachora ramani upya, treni na majivu pande zote mbili toka kituo hadi kituo, na kando ya majivu nikaweka vijiji vilivyohamishwa. Wiki iliyofuata wachezaji hawakutaka kupanda treni tena, walitaka kushuka katikati ya njia waongee na hao watu.