Mkuu, hiyo midazolamu iache kabatini

Mkuu weka hiyo sindano chini kwanza. Umeuliza matatu: umpe mgonjwa wako wa uvimbe wa ubongo, huyu wa kuamshwa katikati ya upasuaji, midazolamu (dawa ya kutuliza) kidogo kabla hajaingia thieta maana ana wasiwasi, halafu uendelee na dawa ya kulaza, propofoli au deksmedetomidini, na kama umwekee maski ya koo ya kupitishia hewa. Mimi nimekwama hapo pa kwanza.

Hicho "kidogo" ndo kiliniponza. Bosi mmoja aliniambia "miligramu mbili tu, hajawahi kufa mtu", kwa sauti ile ya mtu ambaye siku hiyo hatakuwepo thieta. Nikampa. Juu yake propofoli, mgonjwa akalala vizuri, nikajiona fundi. Fuvu likafunguliwa, ikafika zamu ya kumwamsha ataje picha ili daktari wa upasuaji atafute kwa umeme sehemu ya maongezi iko wapi, nikazima propofoli… hamna mtu. Yaani macho yamefunguka ila mwenyewe hayupo. Anaonyeshwa kiti anacheka, mara anataka kuinuka na kichwa kimebanwa kwa pini, mara anasinzia anakoroma, hewa ukaa inapanda kwenye damu na ubongo unavimba mbele ya daktari, ambaye alinikata jicho ambalo lingetosha kuua vijidudu kwenye vifaa vyake vyote. Flumazenili, ile ya kuondoa nguvu ya midazolamu? Niliishika nikairudisha, mgonjwa ambaye uvimbe ulishamletea kifafa ukimpa hiyo unaweza kuita degedege fuvu likiwa wazi. Tukasubiri weee. Mwisho kipande cha uvimbe kikaachwa pale pale, hakuna wa kukata bila kujua anakata nini. Bosi aliposikia akasema labda dozi ilikuwa kubwa. Mbili zile zile alizotaja yeye!

Sheria yangu ni moja: mgonjwa huyu anabebwa na ganzi, usingizi ni msaidizi tu. Ubongo wenyewe hauumi, kinachouma ni ngozi ya kichwa na ule utando mgumu unaofunika ubongo. Choma neva pande zote mbili, za juu ya jicho, za karibu na sikio, za kisogoni, kwa ganzi ya bupivakaini au ropivakaini, na dozi hesabu kwa kilo maana ngozi ya kichwa ina damu nyingi, dawa inanyonywa chap. Wasiwasi utibu siku moja kabla kwa mdomo wako, mwambie atasikia drili inanguruma, mwambie nani atakuwa anaongea naye. Dawa ya kulaza iwe ya kuzimika haraka, propofoli na remifentanili (ya maumivu). Deksmedetomidini nayo safi, hainyimi pumzi na ukimwita anaitika, ila mapigo na presha vinashuka, na haiishi upesi kama remifentanili, anza kuipunguza mapema.

Na usiniambie midazolamu utaibakiza kwenye trei kwa ajili ya degedege. Ikitokea wakati wanapima, daktari anaacha umeme anamwagia ubongo maji ya chumvi yaliyopoozwa, mara nyingi inakatika hapo hapo, isipokatika propofoli kidogo si unayo mkononi? Operesheni yenyewe lini, mbona hujasema?