Moshi wa angani na moshi wa puani

Wiki iliyopita dada mmoja wa Lubumbashi aliniandikia. Alikuwa amefungua Worldview, ile tovuti ya picha za setilaiti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ambayo haidai hata senti, akaona utando wa kijivu umefunika Katanga mpaka Angola. Akauliza: "Dada, huu moshi unakuja kwetu au unaondoka? Mtoto wangu ana pumu."

Nilisoma ujumbe huo nikiwa kazini, ikabidi nikae chini. Mimi pia nililiuliza swali hilo mwaka 2023 hapa Newark, New Jersey, Marekani, kwa sababu ileile. Naomba nisimulie, maana jibu lake limo humo.

Mwanzoni mwa Juni mwaka huo radi ziliwasha mioto mingi katika misitu ya Quebec, Kanada, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Mume wangu alisema Quebec ni mbali, nilale. Sikulala. Kila nikitoka zamu ya kuhudumia wazee nilifungua picha za siku hiyo na kuzikodolea macho hadi usiku wa manane. Hakuna aliyenifundisha. Mwanzoni hata moshi na wingu vilinichanganya. Baadaye nikaona kwamba wingu ni jeupe na kingo zake hujichora wazi, lakini moshi ni wa kijivu unaoelekea ubuluu au ukahawia, kingo zimefifia, na mahali ulipo mwepesi unachungulia mito na maziwa chini yake. Ukiufuata kinyumenyume unafika kwenye vidoti vyekundu vya moto.

Kilichonifungua macho hasa ni upepo. Mgandamizo mdogo wa hewa ulikuwa umekwama upande wa Maine na Nova Scotia, kwenye pwani iliyo mashariki yetu. Huku kaskazini mwa ikweta hewa huuzunguka mgandamizo wa namna hiyo kinyume na mwendo wa mishale ya saa, kwa hiyo sisi tuliokuwa magharibi yake tulipata upepo wa kaskazini, unaotoka kulekule kwenye moto. Nikazipanga picha za siku tatu, nikasogeza tarehe mbele na nyuma, nikauona ulimi wa moshi ukiteremka kupitia Ontario na jimbo la New York.

Jumanne tarehe 6 niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku: kesho jioni watoto wasiende mazoezi ya mpira. Mzee mmoja ninayemheshimu akanijibu mbele ya wote, "Binti, kazi hiyo waachie wataalamu wa hali ya hewa." Wengine wakaweka vicheko. Liliniuma, na mpaka leo halijapoa.

Jumatano mchana anga iligeuka rangi ya chungwa. Magari yaliwasha taa mchana kweupe, na hata mechi ya Yankees, timu ya besiboli ya New York, iliahirishwa. Mwanangu alikuwa ndani, madirisha yamefungwa, kisafisha hewa kinanguruma, wala pampu yake ya pumu hakuigusa. Nilimshukuru Mungu, na nilijivunia. Sioni aibu kusema hivyo.

Kiburi kikaniingilia hapo. Nikawa natoa tahadhari kila wiki, na sasa watu walinisikiliza. Jumamosi moja ya Julai niliona moshi mzito umetanda juu yetu, nikatangaza kwamba hewa itakuwa mbaya. Mama mmoja alikuwa ameshakodi hema kwa mahafali ya binti yake nyuma ya nyumba. Kwa neno langu aliacha hema, akawabana wageni sebuleni na madirisha yamefungwa, joto lile la Julai. Nje hewa ilikuwa safi kutwa nzima, isipokuwa jua lilizama jekundu kama kaa la moto. Nilipokwenda kumwomba radhi alisema, "Hukukusudia, mwanangu." Maneno hayo yaliniuma kuliko vile vicheko.

Kosa langu lilikuwa hili. Setilaiti hutazama kutoka juu, na kwenye picha ya kawaida moshi ulio kilomita nne angani hufanana na moshi ulio kibarazani kwako. Joto la moto huupandisha, nao unaweza kusafiri huko juu siku nyingi bila kumgusa mtu, mpaka hewa inayoshuka iurudishe chini, au jua la mchana likoroge hewa ya juu na ya chini. Tangu siku ile sisemi neno kabla sijatazama kipimo cha ardhini cha PM2.5, yaani chembe ndogo sana za moshi na vumbi zinazoingia mapafuni. Huku tuna ramani ya moto na moshi ya AirNow, tovuti ya serikali ya Marekani ya vipimo vya hewa. Ndugu zangu, usimtangazie mtu hatari kwa picha moja! Tazama jana, tazama leo, tazama upepo, halafu tazama kipimo cha chini. Watu wakishakuamini, neno lako lina gharama mfukoni mwao.

Sasa dada yangu wa Lubumbashi. Kiangazi chenu, upepo wa juu kwa kawaida huvuma kutoka mashariki, na moshi wa Katanga, Zambia na Angola huelekea Atlantiki. NASA ilituma ndege kuuchunguza huko kati ya 2016 na 2018, kutoka Walvis Bay, Namibia, na kisiwa cha São Tomé, ukiwa unaelea juu ya mawingu ya baharini. Kwa hiyo utando uliouona huenda unaondoka. Ila moshi unaomkohoza mtoto alfajiri mara nyingi ni wa jirani: nyasi, makaa, takataka, moshi uliobanwa chini na baridi ya usiku. Setilaiti nyingi za picha za rangi hupita kwenu asubuhi baada ya jua kupanda, au mchana karibu saa saba na nusu, na saa hizo moshi wa alfajiri umeshatawanyika. Fungua pia picha za Meteosat, setilaiti za Ulaya zinazoitazama Afrika muda wote, zinazokuja kila dakika 10 au 15, uone unakoelekea tangu jua linapochomoza.

Ukinitumia picha nyingine, andika chini yake tarehe, saa na jina la setilaiti. Na uniandikie saa kumi na mbili asubuhi, ulipofungua mlango, pua yako ilisikia nini.