Ukiona Mmweko wa Mwanga Angani, Usigeuke

Mtu akiona kitu kimetoa mmweko wa ghafla katikati ya nyota, cha kwanza anachofanya ni kumgeukia aliyekaa naye: "Umeona ile?" Akirudisha macho juu, mahali penyewe keshapasahau, saa hakuiangalia, na baada ya siku mbili hadithi imeshatiwa chumvi hadi haitambuliki. Nimetazama anga la huku kusini kwa miaka, kuanzia fukwe za Mtwara hadi Lindi, na watu wengi wameniletea mimweko yao wakitaka jibu. Mara nyingi siwezi kuwapa, si kwa sababu jambo lenyewe ni la ajabu, bali kwa sababu hawakubaki na chochote cha kulichunguzia.

Kwa hiyo ushauri ninaouweka mbele ya mwingine wote ni huu: usigeuke. Macho yabaki palepale. Taja kwa sauti nyota iliyo jirani na ulipouona mmweko, au sema "juu ya mnazi ule, mkono wa kushoto," kisha anza kuhesabu polepole bila kuondoa macho. Hesabu hata dakika mbili nzima.

Sababu ni kwamba mimweko mingi inatokana na vitu vilivyotengenezwa na binadamu, na vitu hivyo vina tabia ya kurudia. Roketi ikishapeleka mzigo wake juu, mara nyingi kipande chake cha mwisho hubaki kikiizunguka Dunia. Hakina tena wa kukiongoza, kwa hiyo kinabiringika. Kila ubavu wake unapolielekea jua kwa pembe inayofaa, mwanga unakupiga jichoni kwa sehemu ya sekunde, kama kioo cha pikipiki inayopita mchana, halafu giza. Kati ya mmweko na mmweko huwa hafifu mno, jicho halikioni. Sasa ukihesabu, ukapata mmweko wa pili kwenye nane, umesogea kidogo kutoka pale pa kwanza, na wa tatu baada ya nane nyingine kwenye mstari uleule, umeshapata jibu lako. Aliyegeuka kuuliza "umeona?" ameona mmoja tu, na mmoja unaweza kuwa chochote.

Wala wanaohangaishwa na jambo hili si watu wa pwani peke yao. Katikati ya miaka ya 1980, watazamaji nyota wa Canada walikuwa wakiona mimweko katika eneo moja la anga, mpakani mwa kundi la nyota la Kondoo na lile la Perseus. Ikadhaniwa huenda ni kitu kipya kabisa huko mbali kwenye nyota. Utafiti uliotoka mwaka 1987 ukaonyesha kwamba ni setilaiti zilizokuwa zikirudisha mwanga wa jua. Miaka 30 baadaye, mwaka 2017, darubini ya Keck kule Hawaii ilinasa mmweko mahali ilipo galaksi (mkusanyiko mkubwa mno wa nyota) ya GN-z11, mojawapo ya galaksi za mbali kabisa zilizokuwa zikijulikana. Waliounasa walieleza kwamba huenda ni mlipuko mkubwa wa huko mwanzoni mwa ulimwengu. Wenzao wakapekua orodha za vitu vinavyoizunguka Dunia, wakakuta kipande cha roketi ya Proton ya Urusi kilipita hapohapo wakati uleule. Kilichowawezesha kukikuta ni kwamba saa na mahali vilikuwa vimeandikwa kwa usahihi. Wewe huna darubini ya Keck, lakini saa na mahali unaweza kuviandika.

Kuna mimweko ya aina nyingine ambayo wavuvi wetu wanaijua kuliko mtu yeyote, na hiyo nataka kuieleza kwa kirefu. Nilikuwa Msangamkuu alfajiri moja ya giza, mwezi haupo, boti za dagaa zinaingia.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Hebu nitazamie kile pale."

Akanyoosha mkono mashariki, juu kidogo ya upeo wa bahari. Taa ilijitokeza taratibu, ikang'aa kuzidi nyota zote za upande ule, ikafifia hadi ikapotea. Hata hatujaanza kubishana ikaja nyingine, karibu palepale, ikafanya vilevile. Halafu nyingine tena.

"Hiyo si karabai," nahodha akasema. "Karabai haiwaki juu hivyo. Na meli haizimi taa ikawasha, ikazima ikawasha."

Vijana wake walikuwa wameshaamua kuwa ni majini ya baharini. Nikamuuliza huwa wanaziona saa ngapi.

"Ni hivi tunavyorudi. Saa tisa, saa kumi kasoro. Kukianza kupambazuka huzioni tena."

Hapo alikuwa ameshanipa robo tatu ya jibu. Juu yetu, kama kilomita 550 hivi, zinapita setilaiti za intaneti za Starlink, ambazo sasa ni maelfu. Upande wao unaotazama chini ni bapa, unarudisha mwanga. Jua likiwa bado chini sana ya upeo, saa mbili au tatu kabla ya kuchomoza, setilaiti zilizo chini angani, juu ya pale litakapotokea, zinakaa kwenye pembe ya kukurushia mwanga. Kila moja ikifika sehemu hiyo inawaka sekunde kadhaa, ikitoka inazimika, na iliyo nyuma yake inaingia. Ndiyo maana zinaonekana kuwakia mahali pamoja. Hata marubani wa ndege za abiria wamewahi kuziripoti kama vitu visivyojulikana.

"Kumbe ni jua tu," nahodha akasema, akageuka kuwahimiza vijana washushe ndoo.

Jioni mambo ni hayohayo ila upande wa magharibi, kama saa tatu usiku. Sisi wa pwani huko tumezibwa na minazi na miembe, lakini aliyeko Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ana anga wazi la kuzitazama.

Saa ya tukio ni ushahidi mzito kuliko wengi wanavyodhani. Setilaiti za chini zinahitaji kupigwa na jua, na huku kwetu jua likizama linashuka wima, haraka. Kwa hiyo setilaiti ya chini inayopita utosini huonekana zaidi ndani ya saa moja na nusu hivi baada ya magharibi, na muda kama huo kabla ya jua kuchomoza. Baada ya hapo imo kwenye kivuli cha Dunia. Ukiniambia umeona mmweko utosini saa sita ya usiku, nitaziweka kando na kufikiria mambo mawili.

La kwanza ni setilaiti za mbali, zile za televisheni na mawasiliano, zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Sisi tuko nyuzi 10 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo mstari wao unapita karibu na utosi wetu, ukiegemea kaskazini kidogo, na ndiyo maana madishi ya huku yanatazama juu. Mwezi Machi na Septemba, mpangilio wao na jua unaweza kuzifanya zing'ae ghafla. Dalili yake ni kwamba hazisogei: nyota zinahama taratibu kwenda magharibi, zenyewe zimeganda.

La pili ni kimondo kinachokujia uso kwa uso. Kimondo cha kawaida kinachora mstari kwa sababu unakitazama ubavuni. Kinachokuja moja kwa moja upande wako hakina mstari wa kuchora. Unaona nukta inawaka na kuzimika chini ya sekunde moja, basi. Hakirudii kamwe. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba, vimondo vinapoonekana kutokea kwenye kundi la Mapacha, au alfajiri za mwanzoni mwa Mei, vile vya kundi la Ndoo vinavyotokana na vumbi la nyotamkia ya Halley, mmweko wa namna hiyo ukitokea karibu na pale vinapochipukia usiumize kichwa. Wazee wetu wanasema ni shetani anapigwa. Msikilize mzee kwa heshima yake, na saa uiandike.

Radi niiseme kwa kifupi, maana inatambulika. Mmweko unaoangaza eneo zima badala ya nukta ni radi, hata kama juu yako nyota zimejaa. Kati ya Desemba na Aprili, dhoruba iliyoko ng'ambo ya Ruvuma au katikati ya bahari inaonekana kutoka zaidi ya kilomita 100, wakati ngurumo haifiki hata nusu ya umbali huo. Mwanga wa bluu au kijani karibu na ardhi, na mtaa ukazimika papo hapo, ni waya au transfoma. Ndege inamweka kila baada ya sekunde moja hivi, na ukitulia utaiona taa nyekundu au ya kijani.

Kitu kimoja zaidi: ukisoma ushauri wa zamani kwenye intaneti utaambiwa kila mmweko ni Iridium. Setilaiti hizo za kwanza zilikuwa kweli na antena zilizong'aa mno, lakini kati ya 2017 na 2019 zilibadilishwa, na nyingi zimeshateketea angani. Usilikubali jibu hilo kirahisi.

Ukishaandika, fungua programu ya ramani ya nyota ya Stellarium kwenye simu ujue nyota uliyoitaja ni ipi, kisha ingia tovuti ya Heavens-Above uone nini kilipita. Weka mahali pawe Mtwara au Lindi na majira yawe ya Afrika Mashariki. Na hapa watu wengi wanakwama: saa mbili yako ya usiku huko inaandikwa 20:00. Ukiingiza 2:00 utaletewa anga la saa nane za usiku, na hakuna kitakacholingana. Ukiwa na simu inayoruhusu kupiga picha kwa sekunde 10 au zaidi, iegemeze kwenye jiwe na uielekeze palepale. Ndege itatoka kama nukta zilizopangana, setilaiti kama mstari laini, kipande kinachobiringika kama mstari unaonenepa na kukonda.

Na usiku mmoja unaweza kukutana na kile ambacho hakina haja ya kuhesabiwa dakika mbili: mwanga mkubwa unaotupa vivuli chini, labda wa kijani, labda unapasuka vipande. Mawe yanaanguka kweli nchini kwetu. Kimondo cha Ivuna, kusini-magharibi, kilianguka tarehe 16 Desemba 1938, na hadi leo ni miongoni mwa mawe adimu kabisa duniani kwa wanasayansi. Ukiuona mwanga kama huo, angalia saa papo hapo na ukae kimya usikilize, kwa sababu mshindo ukija huchelewa dakika moja, mbili au zaidi. Andika dakika hizo. Andika ulikoanzia na ulikoishia kwa kulinganisha na mti au paa, simama palepale kesho asubuhi upime kwa dira ya simu, halafu mpigie ndugu aliyeko Masasi au Kilwa umuulize yeye aliuona upande gani. Mistari yenu miwili itakapokatana kwenye ramani, eneo hilo ndilo la kuanza kuulizia.