DT 125: usianze kwa kuchonga silinda

Kaka umeuliza kama uchonge tundu la ekzosi (la kutolea moshi) kwenye silinda ya DT 125, ile pikipiki ya Yamaha ya tu-stroki, ili ipate nguvu, mi nakuomba usianze hapo, ukishachonga hakuna kurudisha, na ukilipandisha sana nguvu yote inahamia kwenye mizunguko ya juu ya injini, kwenye mizunguko ya chini inabaki nzito, kwenye tope utateseka. Kwanza cheki ringi, sili za kranki na vile vijani vya ridi (valvu ya kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli) kati ya kabureta na injini, visipofunga vizuri injini inapoteza pumzi. Ekzosi toa masizi ila usilitoboe wala kuweka bomba nyoofu, lile tumbo la ekzosi ndo linarudisha wimbi la kusukuma mchanganyiko mbichi ndani ya silinda.

Ukigusa ekzosi au filta lazima uangalie na jeti kubwa, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli ukivuta mafuta mpaka mwisho. Vuta mafuta mpaka mwisho gia ya tatu, bana klachi, zima hapo hapo, chomoa plagi: ncha yake ikiwa kahawia iko poa, nyeupe petroli haitoshi, usiendelee kukimbiza maana pistoni itatoboka.

Kama shida ni mlima tu, spoketi ya mbele punguza jino moja, spidi ya juu itapungua kidogo ila mvuto utausikia siku hiyo hiyo.