Anayefungwa Analipa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama kijana anaweza kuifanya michezo ya video iwe ajira ya kumlisha. Mimi limeniuma swali jingine: hiyo hela anayoshinda inatoka mfukoni mwa nani?

Nakaa Ngamiani, Tanga, ukuta kwa ukuta na banda la pleisteshen, vijana wanakolipia kucheza gemu ya mpira. Sheria ya pale ni moja, anayefungwa analipa. Mwenye banda hali hasara. Luku yake hulipwa na aliyefungwa. Ramadhani ya mwaka juzi, baada ya tarawehe, yakaandaliwa mashindano: kila mmoja atoe shilingi 2,000, mwenye banda achukue chake, zinazobaki abebe mshindi. (Tena mwezi mtukufu, na hakuna aliyeita kamari.) Mpwa wangu akafika fainali. Nilitoka kwenda kumrudisha nyumbani, nikaishia kusimama dirishani na watu wazima wenzangu, jasho linatutiririka kwa kuwa feni ilizimwa kubana matumizi. Kijana anaongoza 2-1, dakika ya 80 na kitu, umeme ukakatika. Mtaa mzima giza. Ikawa kesi! Huyu anasema matokeo yabaki, yule anataka mechi ianze upya, na mzee mmoja ambaye pedi ya kuchezea hajapata kuishika akakata shauri kwa kanuni za mpira wa uwanjani Mkwakwani. Umeme ulirudi karibu na daku. Wakarudia, mpwa wangu akatolewa kwa penalti. Mshindi akawanunulia wenzake chipsi, na kesho yake jioni nikamsikia anaomba kukopeshwa mechi moja. Waliochangia mfuko ule nawajua: konda wa daladala, muuza mihogo, watoto wa shule.

Mtasema huko mbele ni tofauti. Sawa, Kyle Giersdorf wa Marekani alibeba dola milioni 3 za gemu ya Fortnite mwaka 2019, akiwa na miaka 16. Lakini tazameni mashindano makubwa ya gemu ya Dota 2 ya mwaka 2021. Zawadi zilipita dola milioni 40, na sehemu kubwa ilitokana na vitu vya ndani ya gemu walivyonunua wachezaji wa kawaida, wale wasiojulikana. Ni banda letu lile lile, limetanuliwa.

Nilishika kalamu nikitaka kuwaambia wazazi wafunge milango. Sasa naona haya kidogo, maana timu yetu ya Coastal Union walipochukua ubingwa wa ligi mwaka 1988 kila mtoto wa hapa alitaka kucheza mpira, na hakuna mzazi aliyeulizwa kama ile ni ajira.

Basi andikeni kwamba nimesema hapana, kwa Tanga ya leo si ajira, labda uwe mwenye banda. Ila mpwa wangu akiitwa kwenye mashindano Dar, nauli nitampa, ya kwenda na ya kurudi, mradi awe ameshafanya mtihani wa kidato cha nne na zawadi iwe ya mdhamini. Kiingilio, kama kipo, atoe mwenyewe.